Wafalme Wawili na Jina Langu

Watu hudhani kazi ya ulinzi katika jumba la maonyesho ni kazi ya macho. Ni kazi ya magoti. Macho huchoka wiki ya kwanza kisha yakazoea, lakini magoti hayazoei kitu. Unasimama juu ya sakafu ya mawe kutwa nzima, na baridi ya eyakondishena inakupanda taratibu kuanzia kwenye soksi. Nje, Doha inachemka. Ndani, sisi walinzi tunavaa sweta chini ya koti, na wageni wanaoingia wakijipepea hututazama kwa huruma, wakidhani tuna malaria.

Jumba letu si kubwa. Lina vitu vya kale vya nchi za Waislamu: visu, sahani, taa, kurasa za vitabu. Mimi nilipewa chumba cha Uajemi. Supavaiza aliniambia nishukuru, kwamba ni chumba rahisi kwa sababu hakina dhahabu nyingi ya kuibiwa. Kina zulia moja ukutani ambalo watoto hupenda kuligusa, na kina michoro miwili midogo ndani ya kioo. Mmoja ni wa mwanamume mwenye masharubu marefu yaliyoning'inia mpaka chini ya kidevu. Mwingine ni wa kijana aliyebeba mwewe mkononi. Chini ya yote miwili pameandikwa jina lile lile.

Kwa muda mrefu niliamini kuwa ni mtu mmoja. Nilijua alikuwa mfalme, shahi wa Uajemi, na kwamba aliishi miaka mia nne hivi iliyopita, basi. Wageni waliponiuliza, niliwaambia kwa Kiingereza changu cha langoni kwamba ni mfalme yule yule, alipokuwa kijana na alipokuwa mzee. Wakatikisa vichwa, wakapiga picha, wakaenda zao. Hakuna hata mmoja aliyenipinga, hata wale wenye miwani. Nami nilimhurumia yule kijana wa mwewe, nikifikiria masharubu yanayomngoja.

Aliyenirekebisha ni binti mmoja Mkenya, mwanafunzi wa chuo hapa Doha, aliyekuja kuongoza wageni siku za mapumziko. Alinisikia nikiwaeleza mume na mke fulani, akasubiri waondoke.

"Mzee wangu," akasema, "hao ni watu wawili."

"Na jina je?"

"Jina ni moja. Huyu wa masharubu ndiye wa kwanza. Huyu wa mwewe ni kitukuu chake. Alitawazwa akiwa mtoto mdogo tu, akapewa jina la huyu."

"Basi alipewa jina la mzee wake," nikasema. "Vizuri sana. Hata kwetu Nyeri ndivyo tunavyofanya."

Akacheka. "Ngoja kwanza usikie mzee mwenyewe alikuwa mtu wa aina gani."

Akanieleza. Yule wa masharubu alikuwa mtawala mkubwa, alijenga, alipigana, alishinda. Lakini aliwaogopa wanawe. Alimshuku mkubwa wao kwamba anataka kiti chake, akaagiza auawe. Wengine aliwapofusha macho. Alipokufa hapakuwa na mtoto wa kumrithi, ikabidi atafutwe mjukuu, mtoto wa yule aliyeuawa. Mjukuu alipokalia kiti, aliacha jina lake akachukua la baba yake marehemu. Yeye naye alipokufa, mwanawe akatawazwa. Huyo ndiye kijana wa mwewe, na jina alilovishwa ni la yule mzee muuaji.

"Kwa hiyo," nikasema polepole ili nisipotee, "jina la aliyeuawa lilirudi, na jina la aliyemuua nalo likarudi. Nyumba moja."

"Ndiyo."

"Na hakuna aliyelalamika?"

"Kama kuna aliyelalamika, hawakumwandika," akasema, akaenda kupokea kundi lake la wageni.

Siwezi kueleza jinsi habari ile ilivyonifurahisha. Sikufurahia mauaji. Nilifurahia kuona kwamba watu wa mbali, wenye taji na ngamia, walikuwa na akili ya nyumbani kwetu. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hubeba jina la baba wa baba yake. Hakuna mjadala. Haulizwi babu alikuwa mlevi au mcha Mungu. Mimi mwenyewe nina jina la babu yangu, mzee mkali aliyegombana na kila jirani aliyepakana naye shamba, na baba yangu, ambaye alichapwa na mzee yule mpaka akawa na ndevu, alinipa jina lile bila kusita. Mwanangu wa kwanza nikampa jina la baba yangu. Na mwanangu akipata mtoto wa kiume, jina langu litarudi. Ni zamu, kama ile ya lindo. Mmoja anatoka, mwingine anaingia, na chumba hakibaki tupu.

Na mke wa mwanangu alikuwa mjamzito.

Niseme wazi nilikuwa nikitegemea nini. Nimekaa Doha miaka mingi. Nilipoondoka, mwanangu alikuwa bado ananing'inia mkononi mwangu tukienda dukani. Sasa ni mwanamume mwenye kazi Nyeri mjini. Likizo zangu zote nikiziunganisha hazitoshi hata kumfundisha mtu kuendesha baiskeli. Siombi msamaha kwa hilo. Nilikuja kwa sababu kwetu hapakuwa na kitu, na watoto wamesoma kwa magoti haya haya. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na mimi nimelala hapa mtaa wa Muaither katika chumba cha watu sita ambamo watatu tuna jina moja la ubatizo, hata ikabidi tuitwe kwa vitanda vyetu: wa Dirisha, wa Mlango, na mimi, Mzee wa Friji. Mtu akiitwa hivyo miaka na miaka, anaanza kulitamani jina lake lenyewe. Nilikuwa nikijiambia kwamba hata nikimalizikia huku, nitakuwa na mtoto pale nyumbani anayeitwa kwa jina langu, na jina halitajua kwamba sikuwepo.

Mtoto akazaliwa. Wa kiume. Niliwanunulia chai ya karak wenzangu wote, hata yule wa Mlango ambaye hatuelewani.

Ijumaa iliyofuata mwanangu akapiga simu. Nilikuwa nimekaa nje ya kibanda cha chai, asubuhi, kabla jua halijawa kali. Tukasalimiana. Nikamuuliza mama mtoto anaendeleaje, maziwa yametoka, mtoto analala. Akajibu yote vizuri. Kisha akanyamaza, na mimi nimezoea simu za mbali kiasi cha kujua ukimya wa mtandao na ukimya wa mtu.

"Mzee," akasema, "tumefikiria mambo ya jina. Tunataka kumpa la mjomba."

Mjomba wake ni ndugu wa mke wangu. Anaishi ng'ambo ya mto, upande wa pili tu. Ni fundi wa mbao, mtu wa maneno machache. Wala sikuwa na ubaya naye.

"Mjomba hana zamu," nikasema.

"Najua hana zamu."

"Sasa?"

"Sasa ndiye aliyenipeleka jandoni, mzee. Ndiye alikaa na mimi mpaka nikapona. Ndiye alinifunza kunyoa ndevu. Siku ya kupeleka mahari, nani alizungumza?"

Nilizungumza mimi, nikamwambia. Na kweli nilizungumza, kupitia simu ya shangazi yake, ambaye alinishika mkononi mbele ya wazee wa pande zote mbili. Lakini shangazi alichoka mkono. Sehemu kubwa ya mazungumzo nilikuwa nikitazama sufuria ya mukimo, na wakati wa kutaja mbuzi, simu ilizimika chaji. Mjomba akamalizia.

Basi nikakasirika. Nina hasira za karibu, naijua hali yangu, nimeirithi pamoja na jina. Nikamwambia mwanangu habari za shahi wa Uajemi. Nilimwambia yote, pale pale kwenye kiti cha plastiki, Wahindi na Wanepali wakinitazama: mfalme aliyemuua mwanawe, akawatoboa wengine macho, na bado wajukuu wakamrudishia jina lake, likakaa kwenye kiti cha enzi. "Yule aliua!" nikasema. "Mimi nimemuua nani? Nimempofusha nani? Nimewalisha!"

Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Mzee," akasema, "huyo angalau walimjua."

Nikakata simu. Chai ilikuwa imepoa na kufanya utando juu. Nikainywa hivyo hivyo, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine na mikono.

Wiki zile zilikuwa nzito. Sikuumwa, nilichoka tu, uchovu ambao usingizi hauuondoi. Basi la kampuni lilinichukua, likanirudisha. Nilisimama kati ya michoro miwili na sikutaka tena kumweleza mtu yeyote chochote. Mgeni akiuliza, nilimwonyesha kwa kidole yale maandishi ya ukutani. Nilikuwa nikimtazama yule mzee wa masharubu na kumchukia, si kwa wanawe, bali kwa sababu aliyafanya yote yale na bado alikuwa na uhakika wa jina lake. Nilitamani nimuulize alilala vipi. Nadhani alilala vizuri tu.

Rafiki yangu wa chumba cha jirani, Mganda, Mwislamu, mlinzi wa visu na panga, aliniona nimenuna, akanisogelea wakati hakuna wageni.

"Mzee, unapigana na mtoto hata meno hana," akasema.

"Sipigani na mtoto. Napigana na baba yake."

"Kwetu Buganda jina ni ya ukoo. Ukoo ndiyo inagawa. Hakuna mtu anasema hii ni yangu."

"Na kama ukoo ukikusahau?"

Akafikiria. "Ukoo haisahau," akasema, "lakini inaweza kukuchelewesha." Kisha akacheka peke yake, akarudi kwenye panga zake. Ni mtu mzuri, lakini si wa kumwendea ukiwa na donda.

Mke wangu naye alipiga simu. Nilitarajia awe upande wangu. Mwanamke amenisubiri miaka yote hii, nikadhani angalau hilo la jina atalisimamia. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Baba watoto," akasema, "fimbo ya mbali haiui nyoka. Unataka nimlazimishe? Ni mtu mzima. Nilimlea nikimwambia baba yako yuko kazini, baba yako yuko kazini. Akaamini. Sasa anasema sawa, wewe ubaki kazini."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasema nimechoka," akasema. "Wote wawili mnanichosha."

Sikujua kwamba na yeye anaweza kuchoka, kwa namna ile niliyochoka mimi. Siku zote nilidhani uchovu wa nyumba yetu uko huku kwangu, na kule wamepumzika.

Mtoto alikuwa apelekwe kanisani kubarikiwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, na jina lilitakiwa liwe tayari. Mpaka hapo walikuwa wakimwita kamtoto. Kila siku iliyopita nilisema moyoni kwamba leo nitampigia mwanangu, nimwambie sawa, mpe la mjomba, Mungu awabariki. Sikupiga. Si kwamba nilikuwa na matumaini. Ulimi ulikataa.

Aliyepiga ni mjomba mwenyewe. Hakuwa amewahi kunipigia simu huku Doha hata mara moja, kwa hiyo nilipoona namba nilidhani kuna msiba. Nilitoka nikasimama kwenye kivuli cha ukuta wa nyuma, pale wanaposhushia mizigo.

"Shemeji," akasema, "habari za huko kwenye joto?"

"Nzuri, shemeji. Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimemkatalia huyu kijana."

"Umekataa nini?"

"Jina. Alikuja na mke wake, wakaniletea nyama na soda, wakaniambia. Nikawaambia soda nitakunywa, lakini jina, hapana." Nilisikia randa ikikwaruza mbao nyuma yake, alikuwa ameweka mtu afanye kazi wakati yeye anaongea. "Mimi nina watoto wangu, shemeji. Zamu yangu itafika. Nikichukua ya mtu aliye hai, kesho nikikutana na wewe hapa njiani, nikuangalie na uso gani?"

"Lakini wewe ndiye uliyemlea."

"Nilimlea nikikushikia," akasema. "Mtu akikushikia ng'ombe, si anakurudishia ng'ombe?"

Nilipaswa kumshukuru. Nilifungua mdomo, kikatoka kitu kama kikohozi. Ukweli ni kwamba nilifurahi sana, na papo hapo nikaona haya kuliko siku zote za maisha yangu. Nilikuwa nimelipigania jina lile kwa kelele na kwa wafalme, na sasa nimerudishiwa na mtu aliyekuwa na haki ya kulichukua. Ni vigumu kumpenda mtu anayekufanyia hivyo. Nilimwambia asante, shemeji. Akasema haya, akarudi kwenye mbao zake.

Jumapili ile nilikuwa kazini. Walimpa mtoto jina langu mbele ya kanisa zima, nikatumiwa picha. Nilimwonyesha Mganda, nikamwonyesha na yule binti wa chuo, ambaye alisema mtoto amefanana nami kwenye paji la uso. Mimi sikuona kufanana kokote. Niliona mtoto amefumba macho, amevikwa kofia nyeupe. Nilitegemea furaha ingenijaa, ikanijia kidogo tu, kisha nikaitwa kwenda kumzuia mtoto mwingine asivute zulia.

Nilimpigia mwanangu simu ya video Ijumaa. Niliogopa kidogo, sisi wawili hatukuwa tumezungumza tangu ile siku ya chai. Akapokea haraka, sauti ya mtu mwenye mikono iliyojaa.

"Mzee. Ngoja kidogo, nimemshika huyu. Usikate."

Akaiweka simu mahali fulani, mezani labda, kifudifudi, maana niliona giza tu. Nikaisogeza simu sikioni, nikawasikia. Mtoto alikuwa akilia kile kilio chembamba cha watoto wachanga. Na mwanangu akaanza kumbembeleza.

Kwetu, mtoto akishabeba jina la babu yake, huyo mtoto si mtoto tu. Baba yake humwita "baba", kwa sababu ndiye baba yake aliyerudi. Hata mimi, mwanangu alipokuwa mdogo, na jina la baba yangu, nilikuwa nikimwita hivyo. Yeye akiniita baba, na mimi nikimwita baba, tukienda dukani. Sijui ni lini alianza kuniita mzee. Ilitokea nikiwa huku.

"Baba," alikuwa akisema sasa, polepole, kwa sauti ambayo sikujua anayo. "Nyamaza, baba. Niko hapa. Nani amekuudhi? Hakuna mtu amekuudhi, baba yangu. Umechoka tu. Lala, baba. Lala kidogo."

Kilio kikapungua. Aliendelea kumwita hivyo, tena na tena, hata mtoto alipokwisha kunyamaza. Nilikuwa nimesimama barabarani Muaither, malori yakipita, nimeziba sikio la pili kwa kidole. Niliogopa kwamba nikikohoa tu atakumbuka niko kwenye simu, na ataacha.